Namna ya kuingia mu kazi ya kutafuta ufadhili ukiwa Goma ao Bukavu, na namna ya kubakia mule

Kila wiki napata mesaji moja ao mbili zenye kufanana: "Yaya, nimemaliza masomo, najua kuandika proje, unaweza kunionyesha mlango?" Na mimi najibu na swali moja lile lile: mtu wa mwisho mwenye alikupa pesa ya kikundi chenu, ya kwaya, ya matanga, ya mpira wa mtaa, hata dola tano, ulimrudilia ukamwambia zilifanya nini? Wengi wananyamaza. Wengine wanatuma kichwa cha kucheka. Njo pale kazi yenyewe iko, wadogo zangu, haiko sana mu kuandika. Sasa nimechoka kujibu kipande kipande mu WhatsApp, naandika yote hapa mara moja, mtanisamehe kama ni ndefu.

Mu matangazo ya kazi utaikuta na majina mengi, na mara nyingi kwa Kifaransa ao Kingereza: mhusika wa ushirikiano, mhusika wa kutafuta rasilimali, mwandishi wa proje, mhusika wa misaada. Yote ni nyumba moja vyumba tofauti. Kazi ni kutafutia pesa shirika lisilofanya biashara, iwe hospitali, shule, kikundi cha wamama, radio ya jamii, parokia. Unatafuta nani anaweza kutoa, unamjua, unamuomba, unapokea, unashukuru, unaripoti, kisha unaomba tena. Kuandika proje ni kipande kimoja tu mu ile mnyororo, lakini huku kwetu tumekomaa na kile kipande juu kwa miaka mingi pesa ilikuwa inatoka mlango mmoja, mlango wa wazungu, na ule mlango unafunguliwa na makaratasi.

Basi 2025 ikatufundisha. Tarehe 20 mwezi wa kwanza Marekani ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipimwe upya, na tarehe 1 mwezi wa saba USAID, shirika lao la misaada, ikafunga kabisa. Mu Goma kuna watu waliamka na kazi wakalala bila kazi, na kwa bahati mbaya ni mwezi ule ule wa kwanza vita iliingia mjini na benki zikafunga. Nilikuwa najua mashirika yenye asilimia kubwa ya bajeti yao inatoka kwa mfadhili mmoja, na nilikuwa nawaambia, na walikuwa wananiangalia kama mtu mwenye wivu. Kwa hiyo ukiingia mu hii kazi leo, usiingie na akili ya mlango mmoja.

Milango ni gani? Kuko ile ya taasisi kubwa: mashirika ya Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya, balozi. Kwa mashirika ya kienyeji ya Kongo, mfuko wenye unapaswa kuujua mapema ni Mfuko wa Kibinadamu wa RDC, ulianzishwa 2006 na unasimamiwa na OCHA, biro ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya dharura, huo unaweza kutoa pesa moja kwa moja kwa shirika la kikongomani bila kupitia shirika la kigeni, ila kabla ya kukupa unapimwa sana, hesabu zako, bodi yako, namna unanunua vitu. Kuko mifuko ya familia na ya kampuni za nje. Kuko makanisa ya nje yenye urafiki na makanisa ya huku. Kuko wafanyabiashara wa hapa hapa, wa Birere kule Goma, wa Kadutu kule Bukavu, wenye watu hawawaombi kitu isipokuwa wakati wa uchaguzi na wakati wa harusi. Kuko diaspora.

Na kama uko Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, nyinyi muko na mlango wenye sisi wa Kivu tunautamani. Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, na mule ndani kampuni yenye kuchimba inalazimika kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya proje za maendeleo ya jamii zenye kuguswa na ule mgodi. Tena kuko kitabu cha masharti chenye kampuni inasaini na jamii ya pale. Sasa fikiria, kampuni yenye kuuza dola milioni 500 kwa mwaka, 0,3% ni milioni moja na nusu. Ile pesa haiombwi kama sadaka, iko na chombo chenye kuisimamia, kampuni na jamii wakiwa ndani yake, kwa hiyo mtafuta ufadhili wa Lubumbashi anapaswa kujua kusoma sheria, kujua nani anakaa mu kile chombo, kujua mikutano inafanyika lini, na kuandaa proje ya kijiji vizuri kabla kijiji cha jirani hakijaleta ya kwao. Ni kazi tofauti kabisa na ya kungojea matangazo mu intaneti.

Pa kuanzia: sanduku la wamama

Kabla ya kozi yoyote, nenda ukakae mu mkutano wa AVEC ya mtaa wenu, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Nasema kweli. Ile njia ya kuweka akiba kwa kikundi ilianza na shirika la CARE kule Niger 1991, leo iko kila kona ya Kivu, na wamama wa huku wanaijua kuliko mtu mwenye diplome. Angalia vizuri. Watu 20 na kitu wamekaa mduara. Sanduku la chuma liko katikati, kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye kubeba sanduku hana funguo. Linafunguliwa mbele ya wote. Mwenye kununua hisa anasimama, pesa inahesabiwa kwa sauti, inapigwa muhuri mu kitabu chake. Kabla ya kufunga, mwandishi anasema kwa sauti kiasi chenye kimebakia, na wote wanakishika mu kichwa ili wiki ijayo kisomwe tena kabla ya sanduku kufunguliwa.

Umeona? Mule ndani hakuna mtu anaombwa kuamini, kila mtu anaona. Nilifanya miaka kumi na kitu mu hii kazi na sijaona mfumo wa hesabu wa shirika lolote wenye kunipita akili kama ule wa wamama. Mfadhili wa Bruxelles ao wa Genève anataka kitu kile kile: funguo zisikae kwa mtu mmoja, na kiasi kisomwe kwa sauti.

Kupata mguu ndani

Sitakudanganya, mashirika makubwa hayatakuchukua bila uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kuchukuliwa, wimbo tunaujua wote. Njia yenye ilinisaidia mimi, na yenye naona inasaidia wengine, ni kuingia mu kikundi kidogo chenye hakina mtu wa kufanya ile kazi. Viko vingi mno. Parokia yenye shule, kikundi cha walemavu, wamama wa kushona, vijana wa kupanda miti. Usiende kuwaambia "nataka kazi", nenda uwaambie "nataka niwatafutie vitu fulani kwa miezi sita, mnipe tu pesa ya moto (pikipiki) na mnipe ruhusa ya kuona hesabu." Ile ya hesabu isisahaulike. Kama wanakataa uone hesabu, aga kwa heshima, toka.

Mimi nilimaliza masomo ya maendeleo Bukavu, nikaingia mu kikundi kimoja cha Bagira chenye kilikuwa kinafundisha wasichana kushona. Nikaona tangazo la mfadhili, nikaandika wiki tatu, usiku, juu umeme ulikuwa unakuja saa tano. Tangazo lilisema kurasa 8. Nikaandika 38! Nilifikiri ukubwa ni heshima, kama vile mtu anavyoleta mbuzi mbili mahali waliomba moja. Mu bajeti niliandika mashine 12 za kushona, kila moja dola 145, na jumla nikaipiga na kidole mahali pa kuacha kompyuta ihesabu, nikaweka 1 470. Ni 1 740. Tena mu maelezo nilisema mashine 15, na mu jedwali la malengo nilisema 10. Mtu mmoja kule akachukua muda wake, Mungu ambariki, akajibu mistari miwili: hatukujua mnataka mashine ngapi. Ile mistari miwili ilinifundisha kuliko mwaka mzima wa auditwari.

Kwa hiyo, kuandika.

Soma tangazo mara tatu kabla ya kugusa kompyuta. Mara ya kwanza tafuta sababu ya kukuondoa: nchi, ukubwa wa shirika, miaka ya kuishi kwa shirika, kiasi, tarehe. Watu wanapoteza usiku kumi juu ya tangazo lenye liliwakataa kwenye ukurasa wa pili. Na saa, jamani. Tangazo linasema saa sita mchana, saa sita ya wapi? Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko lisaa limoja mbele ya Kinshasa. Bruxelles wakati wa baridi wako kama Kinshasa, wakati wa joto wanakuwa kama sisi. Usitume siku ya mwisho hata hivyo, unajua konekisyo yetu.

Kisha jedwali la malengo, lile wanaita kadre lojike. Watu wanaliogopa bure. Lilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID, na shida yenye lilikuja kutatua ni ile tunayo mpaka leo: watu walikuwa wanaandika proje bila mtu kujua itajulikanaje kama imefaulu. Ni mistari minne na safu nne. Mistari inatoka chini kwenda juu: kazi zenye utafanya, matokeo yenye zitaleta, lengo la proje, na lengo kubwa lenye wewe peke yako huwezi kulifikia. Safu: unasema nini, utapimaje, ushahidi utatoka wapi, na nini yenye haiko mu mikono yako inaweza kuharibu. Ile safu ya mwisho, huku Kivu, ijaze kwa ukweli. Barabara, vita, volkano, mvua, bei ya dola. Mfadhili anajua nchi iko namna gani, ukimuandikia "hakuna hatari" anajua ao unadanganya ao hauishi huku.

Bajeti njo moyo, mimi naanza nayo kabla ya maelezo. Usiandike "usafiri: dola 600". Andika: moto kwenda na kurudi Bagira mpaka Kabare, safari 4 kwa mwezi, miezi 6, dola 6 kila safari, jumla 144. Mwenye kusoma anaona ile moto inapanda mlima. Anaona umeuliza bei. Na usione haya ya kuweka gharama za biro. Umoja wa Mataifa na Umoja wa Ulaya mara nyingi wanakubali mpaka 7% juu ya gharama za moja kwa moja, kwa hiyo kama kazi yako ni dola 20 000 uko na haki ya kuomba 1 400 kwa ajili ya kodi ya nyumba, umeme, mhasibu, karatasi. Vikundi vyetu vidogo vinaweka sifuri juu ya haya, wanafikiri watapendwa zaidi, kisha kompyuta inakufa mwezi wa nne na ripoti haitoki. Haya ya namna ile inakula shirika.

Makaratasi nitapita haraka, ni mambo ya kuvumilia tu. Shirika la kikongomani lisilofanya faida linafuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001. Uwe na sheria za ndani zenye kusainiwa kwa notere, uthibitisho wa kupeleka dosie ku wizara ya haki, avi favorable, ni kusema karatasi ya kuwakubali, ya wizara yenye inasimamia kazi yenu, namba ya kodi, akaunti ya benki kwa jina la shirika na si la raisi wa shirika, sahihi mbili angalau, na siku hizi karatasi yenye kusema mnafanya nini kama mfanyakazi wenu anatumia watoto ao wamama vibaya. Weka yote mu dosie moja, skani ya wazi, majina ya faili yenye kusomeka. Tangu benki zilipofunga Goma wafadhili wanauliza pia pesa itakufikia kwa njia gani, uwe na jibu lenye kuandikwa kabla hawajauliza.

Kuomba mtu, uso kwa uso

Hapa njo wengi wanakimbilia kompyuta. Tuko wepesi kuandikia mtu wa Genève mwenye hatujamuona na wazito kumuomba mama mwenye famasi pale mbele ya nyumba. Lakini ule mama akisema ndiyo, pesa inakuja kesho, haina ripoti ya kurasa 40, na mwaka kesho yuko pale pale.

Kuko kazi ya kabla. Usiende mara ya kwanza na kuomba. Nenda umwambie kazi yenu, umuulize yeye anaonaje, umualike aje kuona. Halafu siku ya kuomba, omba kitu chenye kuonekana na uombe kiasi. Mimi niliwahi kufanya hivi kwa vyoo vya shule moja ya msingi, nikaenda kwa mama mmoja mwenye biashara, tulikuwa tumeshamtembeza ku shule wiki mbili mbele na aliona mwenyewe wasichana wanangojeana kusimamia mlango juu hakuna milango:

"Mama, vyoo sita vimeisha kujengwa, vimebakia milango. Mlango mmoja ni dola 55. Nimekuja kukuomba milango miwili."

Halafu nikanyamaza. Ni kitu kigumu kuliko vyote mu hii kazi, ule unyamavu. Moyo unakuambia ongeza, sema "hata kidogo tu mama", sema "kama una shida si kitu". Usiseme. Ukisema, umejibu mahali pake. Yeye alipanga dawa zake ku etajere, akapanga, akapanga, kisha akauliza: "Milango ya mbao ao ya chuma?" Nilijua imeisha. Mtu mwenye kuuliza mbao ao chuma ameisha kutoa.

Na kama anakataa, unashukuru vile vile, unauliza kama unaweza kurudia kumpa habari. Hapana ya leo mara mingi ni "sijakujua bado".

Pembeni kidogo: mnajua zile mbao za kanisa zenye kuchorwa jengo, na wanapaka rangi kwenda juu kila pesa ikiingia? Ile akili iko na historia. Mu 1905 kule Washington, YMCA, chama cha vijana wakristo, walikuwa wanatafuta pesa ya jengo, wakawaweka pamoja Charles Sumner Ward na Lyman Pierce, nao wakafanya kampeni ya siku chache zenye kuhesabika, watu wakigawanyika mu makundi yenye kushindana, na saa kubwa yenye kuonyesha kila mtu pesa imefika wapi. Siku zenye mwisho, kiasi chenye kuonekana, mashindano kidogo. Kwaya zetu zinafanya vile vile kila mwaka, bado tu hakuna mwenye kuwaita wataalamu.

Baada ya pesa kuingia

Shukuru ndani ya siku mbili. Usingojee barua nzuri yenye kichwa cha shirika. Mesaji inatosha, ila iwe na jina lake, kiasi, na nini. Kama hivi: "Mama, dola 110 zako zimefika leo asubuhi kwa M-Pesa. Fundi anaanza kuchomelea kesho. Nitakutumia foto milango ikisimama. Aksanti sana kwa niaba ya watoto." Basi. Na ile foto uitume kweli, siku yenye ulisema.

Nitawaambia pahali nilielewa hii. Jumamosi jioni, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka, mnakumbuka, na tarehe 27 wakatuambia mitaa kumi itoke, watu wakajaa barabara ya Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Vikundi vya WhatsApp vikaanza kuchangisha siku ile ile. Nilikuwa mu viwili. Mu kikundi cha kwanza pesa ziliingia mbio, nyingi, diaspora walituma, na kisha kimya. Kiongozi wake sisemi aliiba, nafikiri hata hakuiba, alikuwa tu na kazi nyingi na simu bila chaji. Mu kikundi cha pili kulikuwa dada mmoja mwenye alikuwa anaandika kila jioni, hata kama ni saa sita ya usiku: leo zimeingia dola 85, tumenunua bido 20 za maji na mikeka 9, tumetoa Sake kwa familia zenye kulala ku shule, imebakia dola 6, foto hizi hapa. Kama siku hakuna pesa iliyoingia, aliandika: leo sifuri. Siku ya tano watu wa kikundi cha kwanza walikuwa wanatuma pesa mu kikundi cha pili. Hakuomba! Alikuwa anaripoti tu.

Ule dada leo yuko na kazi mu shirika la kimataifa, kitengo cha ushirikiano. Hakusoma ile kazi pahali popote.

Kwa hiyo ripoti si adhabu. Mabaya pia yaandikwe, na mapema. Kama barabara imekatika na mbegu hazikufika, andika wiki ile ile, pendekeza namna ya kubadilisha, omba ruhusa kwa maandishi. Mfadhili mwenye kugundua mwenyewe mwezi wa kumi hatarudi, na atawaambia wenzake, juu wanasemezana kuliko mnavyofikiri.

Asilimia kumi na operasyo retour

Hili nalisema wazi. Siku moja raisi wa shirika fulani atakuambia: "Sina mshahara wa kukupa, lakini tafuta, ukipata ninakupa asilimia kumi." Inaonekana ni haki, hata tamu. Kataa. Wenye hii kazi kimataifa, wale wa AFP ya Marekani, chama cha watafuta ufadhili chenye kilianza 1960, wameandika mu kanuni zao kabisa kwamba mtafuta ufadhili asilipwe kwa asilimia ya pesa anazoleta. Sababu ni za kawaida: mfadhili alitoa kwa ajili ya maji, si kwa ajili yako, na mtu wa asilimia ataharakisha, ataahidi vitu vyenye havipo, ataomba pale pakubwa leo na kuua urafiki wa miaka kumi. Tena mu bajeti utaiweka wapi ile kumi? Utaificha. Na ukianza kuficha, umeisha. Omba mshahara hata mdogo, ao malipo ya siku zenye umefanya kazi, kwa mkataba.

Operasyo retour kila mtu mu Goma anaijua, sina haja ya kufafanua. Mtu anakusaidia kupata proje kisha anangojea sehemu yake irudi chini ya meza. Mimi niliombwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mdogo, nilinyamaza, proje ikaenda kwa wengine, nikalia. Mara ya pili nilimuomba yule bwana anitumie lile ombi kwa imeli ili nimuonyeshe bosi wangu. Sikumsikia tena.

Masomo, karatasi, lugha

Hapa kwetu hakuna lisansi ya kutafuta ufadhili, watu wanatoka mu maendeleo, uchumi, mawasiliano, sheria, hata teolojia, na wote wanafaa. Kule nje kuko shule, moja ya zamani ilianzishwa 1974 na Hank Rosso mu San Francisco, leo iko chini ya chuo kikuu cha Indiana. Kuko cheti cha kimataifa kinaitwa CFRE, kinatolewa tangu 1981, unafanya mtihani wa maswali 200 ya kuchagua jibu, na kabla ya kukaa wanataka uonyeshe miaka ya kazi, masomo yenye umefuata na pesa zenye umesaidia kupatikana, kisha kila miaka mitatu unakifanya upya. Je, kinahitajika kupata kazi Goma? Hapana. Mimi mwenyewe sina. Kama pesa yako ni ndogo, iweke kwanza mu Kingereza, juu nusu ya matangazo mazuri yako kwa Kingereza na sisi watoto wa Kifaransa tunayaona yanapita. Ya pili, Excel, lakini Excel ya kweli, kanuni za kuhesabu, si kupaka rangi. Ya tatu ni Kiswahili chako na lugha ya kijiji chako, Mashi, Kinande, Kihunde, yoyote, juu huwezi kuandika shida ya mtu mwenye hujasikia akiieleza.

Maisha ya hii kazi: mikataba ni ya miezi sita, ya mwaka, inafuata proje. Utakataliwa mara nyingi kuliko utakavyokubaliwa, hata wakubwa wa hii kazi wanakataliwa. Weka kitabu, mimi niko na kaye ya kawaida ya shule, safu tano: niliomba nani, lini, kiasi gani, alijibu nini, nitamrudilia lini. Ile safu ya tano ndiyo yenye kulipa.

Na mu CV yako, tafadhali, toa ile "nina uzoefu mkubwa wa kutafuta rasilimali". Andika: vyoo sita vya shule, wafadhili 4 wa mtaa, 3 walitoa tena mwaka wenye ulifuata. Mkubwa mwenye kusoma atasimama pale kwenye 3.

Wakikuita, watakupa tesiti. Karibu zote zinafanana: masaa mawili, kompyuta bila intaneti, tangazo moja la mfadhili, uandike kurasa mbili na bajeti ndogo. Nimekaa upande wa kusahihisha sasa, na naweza kuwaambia namna tunasoma. Hatuanzi na maelezo mazuri. Tunafungua bajeti, tunabofya pale jumla iko, tunaangalia kama mule ndani kuko kanuni ao kuko namba yenye imepigwa na kidole. Kisha tunatafuta kama mashine ni 12 kila mahali.